Mashoka ya Baba Mdogo

Niliporudi Kindu na diploma yangu nilikuwa nimevaa koti tangu Kibombo, ijapokuwa joto la ndani ya behewa lingeweza kuivisha muhogo. Sikutaka mtu yeyote wa kambi ya reli anione nikishuka bila koti. Baba yangu alikuwa mtia kuni wa gari moshi, Mkasai aliyeletwa na kazi hadi huku Maniema, na watoto wa watia kuni wenzake walikuwa watia kuni au wafagia mabehewa. Mimi nilirudi msaidizi wa daktari. Sikupelekwa na misheni wala na mjomba tajiri. Kule Elisabethville nilifua mashati ya makapera wa Kibelgiji, nikayapiga pasi mpaka kola zikasimama zenyewe, na muda uliobaki nikasoma. Siku ya matokeo jina langu lilisomwa la kwanza. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu watu wa Kindu wanapenda kusimulia habari zangu kuanzia pale niliposhindwa.

Mtu wa kwanza niliyekwenda kumsalimia alikuwa baba mdogo. Hakuwa ndugu wa baba yangu wa tumbo moja. Alikuwa mzaliwa wa hapa hapa, mwenye msitu mkubwa nyuma ya mtaa wa Mikelenge, ambao babu zake waliushika kabla ya reli na kabla ya Wazungu. Zamani, walipokuwa wakibadilisha mataruma ya njia, gogo lilimwangukia mguuni, na baba yangu akambeba mgongoni mpaka hospitali. Alipopona wakachanjana. Kila mmoja alikatwa kifuani, chini ya titi la kushoto, damu ikapakwa kwenye ini la kuku, na kila mmoja akala damu ya mwenzake mbele ya mashahidi. Waliapa kwamba mlango wa mmoja hautafungwa kwa mwingine wala kwa watoto wake. Niliporudi, mashahidi wote walikuwa wameshakufa. Lakini kovu nililijua. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiligusa kwa kidole alipojilaza barazani bila shati, naye alicheka akaniambia kwa Kiswahili cha Kindu, kinachosema njo badala ya ndiye na ndiyo, "Usikune hapo, baba yako njo analala humo."

Mama alinifia nikiwa bado mchanga. Baba alipokufa, mtu huyu ndiye aliyenyoa kichwa kama ndugu wa kweli, akakaa matanga mpaka mwisho. Sikuwa na mwingine hapa duniani wa kumwonyesha diploma.

Aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza huku na huku.

"Hii njo karatasi iliyokula miaka yako?"

"Njo hiyo, baba mudogo."

"Haina hata picha." Akacheka, akamwita mkewe. "Mama, leta kuku! Mutoto wetu amerudi munganga. Sasa nikiugua, nitakufa na heshima."

Nilikula kuku yule nikijiona nimefika nyumbani.

Wakimbizi walianza kuja miezi michache baadaye, mwaka wa mwisho kabla ya uhuru. Kule Luluabourg, Kasai, Waluluwa na Waluba waliokuwa wakichota maji kwenye kisima kimoja walikuwa wanachomeana nyumba. Wengi walikimbilia kusini kwao. Wengine, ambao walikuwa na jamaa kwenye reli au waliosikia tu kwamba Maniema kuna amani na mchele, walipanda gari moshi mpaka njia ikaishia kwetu. Waliwekwa katika ghala tupu la mizigo karibu na stesheni. Ndipo niliposhika kazi.

Kulikuwa na kamati ya misaada, wake wa maofisa na mapadri wawili watatu, waliotoa mablanketi, maziwa ya unga na makayabo, samaki wakavu wa chumvi. Walikuwa na moyo mzuri, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeweza kumuuliza mama wa Kasai mtoto wake ameharisha tangu lini. Mimi niliweza, kwa Kiluba cha baba yangu, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Nilichimbisha vyoo mbali na mto. Nilichemsha maji kwenye mapipa ya mafuta yaliyosuguliwa kwa mchanga. Niliwachanja wote, mpaka bibi aliyejificha nyuma ya magunia akisema amekimbia visu huko na sasa anafuatwa na sindano. Ghala lile lilikuwa limejaa watu walioishiwa nguvu, na hakuna aliyekufa ndani yake. Daktari Mbelgiji alikuja kutazama, akasema kwamba hata yeye asingefanya vizuri zaidi. Aliyasema mbele ya watu.

Miongoni mwa wale wakimbizi alikuwemo fundi cherehani pamoja na mkewe na watoto wao. Walishuka stesheni, mke amebeba kichwani kichwa cha cherehani kilichofungwa kwa kitenge, bila meza wala gurudumu. Akina mama wanaouza mandazi pale wakaanza kumtania.

"Ee mama, ninyi watu wa Kasai! Hata vita ikiwafukuza munabeba mashini?"

Yule mama hakutua mzigo. "Nyumba niliwaachia," alisema. "Hii nilikataa."

Wakacheka, wakampa mandazi, na mimi nikampenda tangu saa ile. Mumewe alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kuinamisha kichwa anapozungumza kana kwamba kila dari ni fupi. Aliponisikia nikimsalimia "Moyo," salamu ya Kiluba, alinishika mikono yote miwili, akaniita mwana wetu. Kuanzia hapo wote wa ghalani waliniita hivyo, na yeye wakamfanya msemaji wao.

Siku moja mtawala wa Kibelgiji alikuja akatoa masharti. Ghala lilihitajika kwa mizigo. Familia itakayokuwa imepanda shamba mvua zitakaporudi, na kuwa na mwenyeji wa kuijibia mbele ya chifu, itakaa Kindu. Nyingine zote zitapandishwa gari moshi na kurudishwa kusini. Fundi aliniuliza kusini ni wapi. Nilijua kwamba njia ile ilikuwa inawarudisha karibu na moto waliotoka.

Nilikwenda kwa baba mdogo siku ile ile, nikaenda na fundi. Hatukubembeleza. Nilieleza mambo kama mtu aliyesoma: watu ni wachapakazi, wako hodari kwa mahindi, wanataka kipande cha msitu tu, na mimi mwenyewe nitawadhamini. Baba mdogo alikuwa anasuka kikapu cha samaki. Hakuinua macho mpaka nilipomaliza.

"Mutu akikimbia moto, unamuuliza anataka kukaa wapi?" alisema. "Wachukue kule kwa kijito, mpaka kwenye muti uliopasuka. Wakate."

Fundi alipiga magoti. Baba mdogo akamwinua kwa kwapa, akamwambia kwamba kwetu mwanaume hapigi magoti isipokuwa anatafuta sindano yake. Tulicheka sote.

Ikabaki habari ya mashoka. Wakimbizi hawakuwa na chombo chochote. Kamati ilikuwa imeagiza mashoka na mapanga, yanangojewa kila gari moshi, na kila gari moshi lilileta chumvi na saruji. Kiangazi kidogo cha mwanzo wa mwaka kilikuwa kimeshaingia. Msitu usipokatwa na kukauka ndani ya kiangazi kile, hauungui, na usipoungua hakuna cha kupanda. Baba mdogo aliingia ndani, akatoka na shoka. Akarudi, akaleta jingine. Akawaita wapwa zake wakaleta yao, mpaka yakawa rundo mbele ya miguu yetu.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Mtu aliyepewa msitu akaukata kwa shoka lake mwenyewe, shamba ni lake, na mazao ni yake mpaka ardhi ichoke. Lakini akikata kwa shoka la mwenye msitu, basi amemkatia mwenye msitu. Yeye ni mkono tu. Atakula anachogawiwa, na siku akifukuzwa hana la kusema. Wageni wanaponzwa na jambo hili kila mwaka, kwa sababu mgeni aliyekuja mikono mitupu huona shoka la kuazimwa kuwa ni wema.

Mimi sikuwa mgeni. Nilizaliwa Kindu. Kwa hiyo nilisema waziwazi, fundi akiwa amesimama kando yangu:

"Baba mudogo, haya mashoka ni yako. Kesho watu watasema hawa ni vibarua wako."

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. Akaweka kiganja kifuani, chini ya titi la kushoto, juu ya shati.

"Kati yangu na baba yako, shoka iko na mwenyewe?" aliuliza. "Hao ni watu wako. Watu wako ni watu wangu. Shamba ni yao. Unataka nilete mashahidi kwa mutoto wangu?"

Niliona haya mbele yake, kwamba nimemlazimisha kusema. Tukabeba mashoka.

Sijawahi kuona watu wakifanya kazi vile. Watu wa Kasai wamezoea nyasi, na miti yetu iliwatisha mwanzoni. Waliizunguka wakiitazama juu kama watu wanaotafuta mlango. Wapwa wa baba mdogo walikuja kuwaonyesha jinsi ya kuikata juu ya mizizi mipana, na jinsi ya kukata nusu nusu miti midogo ili ule mkubwa uiangushe yote kwa mkupuo. Nilipotoka zahanati nilikuwa navua koti, nakunja mikono ya shati, nakata pamoja nao. Mikono yangu ya mashati na sindano ilitoka malengelenge, na mke wa fundi akanitania kwamba nimekata mti mmoja na mti umenikata mara nyingi. Aliwapikia wakataji bugali na sombe, yaani kisamvu, chini ya turubai la kamati. Alishachagua mahali atakapojenga jiko, akapaweka mawe matatu.

Walipotia moto, moshi ulionekana mpaka ng'ambo ya mto, Alunguli. Shamba liliungua vizuri, kote kote, jeusi na laini. Fundi aliokota majivu akayanusa. Kisha akayapaka kwenye paji la uso la mtoto wake mdogo.

Mashoka ya kamati yalifika wiki ile, mapya, yamepakwa mafuta. Nilicheka nilipoyaona. Niliyahifadhi zahanati kwa mwaka unaofuata.

Mvua ya kwanza iliponyesha, nilikuwa nafunga bendeji ya kidonda nikamwona mke wa fundi anaingia bila hodi, miguu yote majivu yaliyoloana.

"Mwana wetu, wanapanda."

"Wapande, mamu. Mbegu si nimewapa?"

"Si sisi. Wao. Mpunga. Wametoa mawe yangu."

Nilikwenda kwa baiskeli mpaka njia ilipokwisha, kisha nikaenda kwa miguu. Shambani wapwa wa baba mdogo na wake zao walikuwa wamejipanga mstari, vijiti vinatoboa majivu, wanawake nyuma wanatupia mpunga. Watu wangu walikuwa wamekaa pembeni juu ya gogo, mbegu za mahindi zikiwa mapajani mwao. Baba mdogo alikuwa kati, anaelekeza kwa mkongojo.

"Baba mudogo, namna gani?"

"Namna gani nini? Mvua imekuja. Hatupandi?"

"Shamba ni la hawa."

"Walikata na nini?"

Alisema bila kupandisha sauti. Wapwa zake waliendelea kutoboa. Mmoja wao alicheka chini chini, na nikafahamu kwamba wote walikuwa wanajua tangu siku ya rundo lile.

Nilipeleka shauri kwa chifu. Sikuogopa baraza. Nilikuwa nimezungumza mbele ya madaktari wa Kizungu bila kutetemeka. Nilivaa koti. Chifu alikuwa ameketi na wazee wake, watu wamejaa mpaka nje. Nikaeleza kila kitu kwa mpango: ahadi, mashoka, maneno yake, kiganja chake kifuani. Nikasema kwamba desturi ya shoka ni ya wageni, si ya watu waliokula damu pamoja. Wazee wengine walitikisa kichwa kwa kukubali. Niliona.

Chifu akamgeukia baba mdogo. "Mulichanjana na baba ya huyu?"

"Nani? Mutia kuni?" alisema baba mdogo. "Alikuwa rafiki yangu. Mutu muzuri. Tulikunywa malafu pamoja, pombe tu."

"Anasema uko na kovu."

Baba mdogo alifungua vifungo vya shati polepole, akaliacha wazi. Kovu lilikuwa pale pale, jeupe kidogo, limekunjamana kwa uzee.

"Nilianguka kwenye muchikichi," alisema. "Ningali kijana. Mwenye kutaka kuchanjana na muchikichi, achanjane."

Watu walicheka. Hata chifu alicheka. Nilisimama pale nikiwa na koti langu na diploma yangu, nikimtazama mtu aliyekaa matanga ya baba yangu akimfuta kwa mzaha mmoja. Nimeshaona watu wakikatwa mguu. Sijaona kitu kilichokatwa kwa wepesi kama kile.

Lakini nilikuwa na shahidi. Nikasema, "Fundi alikuwepo. Alisikia. Muulizeni."

Chifu akamwita. Fundi akasogea, kichwa kimeinama.

"Mashoka yalikuwa ya nani?"

"Ya mzee huyu."

"Alisema shamba ni yenu?"

Fundi alinitazama. Kisha akamtazama mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma na mtoto mgongoni. Kisha akamtazama baba mdogo, na baba mdogo alikuwa anafunga vifungo vyake, kimoja kimoja, bila haraka yoyote.

"Kiswahili changu ni kidogo," alisema fundi. "Sikusikia vizuri."

Kiswahili chake hakikuwa kidogo. Siku ile ya rundo la mashoka alicheka utani wa sindano kabla yangu.

Hukumu ilikuwa fupi. Msitu na shamba ni vya mwenye msitu. Wageni walikata kama watu wake. Baba mdogo, kwa huruma yake, alikubali wakae, wapalilie, wapate fungu wakati wa mavuno, na yeye atawajibia mbele ya mtawala. Mtawala akasikia kwamba wana shamba na wana mwenyeji. Kwake hayo yalitosha, na hakuna aliyepandishwa gari moshi. Kamati ya misaada ilifurahi sana. Mama mmoja wa kamati alinipongeza kwa kazi nzuri, na sikumweleza kitu. Nikataka kuwaongoza kwenye msitu mwingine na mashoka mapya, lakini mvua ilikuwa imeshika na kila mtu alijua kwamba haiwezekani tena.

Nilimkuta baba mdogo njiani baada ya baraza, peke yake. Nikamwuliza kwa nini. Nilidhani atakana tena. Hakukana.

"Nilichanjana na mutu mumoja," alisema. "Ningempa jicho langu. Weye unaniletea kabila. Leo wako wachache, mwaka kesho wanaita ndugu zao. Na Wazungu wanaondoka, kila mutu anasema. Wakiondoka, mwenye shamba njo atakuwa mwenye inchi. Unataka wajukuu wangu waombe njia ya kwenda mutoni?"

"Ungeniambia hapana."

"Ningekuambia hapana, nani angekata msitu?"

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza hesabu kwa mtoto. Kisha akaniambia mkewe amepika, nisipite bila kula. Nilipita.

Nilijipa moyo kwamba wale watu watanijia. Niliwaza kwamba fundi aliogopa tu mbele ya baraza, na sasa atakuja kusema ukweli, tutafute njia nyingine, nami nilikuwa nimeshaanza kuitafuta. Nilikuwa naenda shambani kila nilipopata nafasi, nakagua watoto, nauliza juu ya maji yao. Walinijibu vizuri, kwa ufupi. Wapwa wa baba mdogo waliacha kupalilia na kunitazama mpaka niondoke. Siku moja nilimsikia mke wa fundi, yule aliyekataa kuwaachia cherehani, akimwita baba mdogo "tatu," yaani baba kwa lugha yetu. Aliniona nimesikia. Hakuyaondoa macho yake.

Mpunga ulipofika magotini, fundi alikuja zahanati. Alikaa kwenye benchi na wagonjwa wengine, akangoja zamu yake. Alikuwa amejikata kiganja wakati wa kupalilia, kidonda kimeanza kuvimba. Nilikisafisha. Hakupiga kelele.

"Mwana wetu," alisema, "nimekuja na neno."

"Sema."

"Usije tena shambani. Mzee hapendi. Ukija, siku ile wanatupa kazi ya ng'ambo ya kijito, kwenye maji, mpaka jioni."

"Nilikuwa nawatetea."

"Najua."

"Ulisikia alivyosema. Ulikuwa karibu nami, kama ulivyo sasa."

Aliinamisha kichwa chake kama siku zote. "Nilisikia," alisema. "Wewe una kazi, una nyumba ya serikali, una karatasi ile. Wakikukasirikia Kindu, unapanda gari moshi, unafika Elisabethville, wanakwambia karibu. Sisi tulishashuka. Hapa njo mwisho wa njia. Mtoto wangu anakula mchele wa yule mzee."

"Anakula kutoka mahali mlipokata ninyi."

"Lakini anakula."

Nilifunga bendeji. Niliifunga vizuri, kama ninavyofunga kila bendeji, maana hakuna mtu aliyewahi kufunguka niliyemfunga mimi. Nilimwambia asiloweshe mkono na arudi kubadilishwa. Alisimama, akangoja kidogo mlangoni. Labda alitaka nimwambie kwamba yameisha. Sikumwambia, na mpaka leo sijamwambia.

Nikanawa mikono, nikaita mgonjwa mwingine aingie.